Maji ya Kunywa: Lipi Litangulie?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetujaalia maji kuwa uhai wa miili yetu na tohara ya ibada zetu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, lilitokea jambo katika mtaa wetu ambalo kwanza lilionekana dogo, kisha likatufungulia mlango wa suali kubwa. Twapenda kulieleza kama lilivyokuwa, pamoja na kosa letu ndani yake, kwani mwenye kutaka kuwatengeneza watu naye akaficha kosa lake huwa ameipunja mizani kabla hajaanza kupima.

Msikiti wetu una kisima cha zamani. Kwa miaka mingi kisima hicho kimewahudumia majirani bila ya malipo: mwenye ndoo huja na ndoo yake, na mwenye mtungi na mtungi wake. Siku moja akaja bwana afya, akayachota maji akenda kuyapima. Aliporudi alituletea karatasi iliyosema kuwa maji yale yana vijidudu vinavyotoka katika vyoo vya shimo vilivyo jirani, na kwamba hayafai kunywewa. Akataka kisima kifungwe.

Kamati ya msikiti ikagawanyika mafungu mawili. Wa kwanza wakasema: kifungwe leo, kwani hatutaki kuulizwa siku ya Kiama juu ya mtoto aliyekufa kwa maji yetu. Wa pili wakasema: tukikifunga, maskini watakunywa nini? Mifereji ya mtaani hutoka maji siku moja na kukauka siku nyingi, na maji ya mkokoteni huuzwa kwa bei isiyowezekana na mjane mwenye watoto watano. Kisha wakatugeukia sisi, wakatuuliza hukumu.

Tulijibu upesi, na upesi ule ndio kosa letu. Tulisema: maji ya kisima hiki yamezidi kullatein, wala haikugeuka rangi yake, wala tamu yake, wala harufu yake, basi ni tohara, na waendelee kuchota. Kwa upande wa udhu jawabu ile ilikuwa sawa. Lakini hatukuulizwa juu ya udhu. Tuliulizwa juu ya kunywa, nasi tukatoa jawabu ya mlango mmoja kwa suali la mlango mwengine. Haya ndiyo maradhi ya wengi wetu tuliosoma vitabuni: tukiona suali linafanana na mas-ala tunayoyajua, hulivuta suali mpaka liingie ndani ya mas-ala.

Yatupasa tufahamu kwamba tohara ni jambo moja na salama ni jambo jengine. Maji yaweza kuwa tohara kwa sharia yakawa na sumu isiyoonekana. Na bahari ni tohara kwa ijmai ya wanavyuoni, wala hakuna anayeinywa. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Mwaka 1854 daktari John Snow alipochunguza vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, aliona kuwa waliokufa wengi walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya Broad Street, maji ambayo kwa macho hayakuwa na ila kubwa. Huku kwetu, watu wa Unguja walionja msiba huo katika mwaka 1869 na 1870, ulipowachukua watu maelfu kwa maelfu. Na katika Kenya yetu kipindupindu kilizuka tena mwezi wa Oktoba mwaka 2022, kikaenea katika kaunti nyingi mwaka uliofuata.

Wala mtu asidhani kuwa kusikiliza kauli ya tabibu juu ya maji ni uzushi. Kila mtoto aliyesoma vitabu vya mwanzo vya madhehebu yetu ya Shafi amesoma kwamba maji yaliyopashwa moto na jua ndani ya vyombo vya madini ni makuruhu kuyatumia mwilini, ingawa ni tohara. Na Imam Shafi mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, amebainisha kuwa karaha hiyo haitokani na chochote ila upande wa utabibu. Basi Imamu wetu, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, alimpa tabibu nafasi yake katika mlango wa maji. Itakuwaje sisi tunaojinasibu naye tumnyime nafasi hiyo leo, na hali tabibu wa leo ana darubini mkononi?

Tulirudi katika kamati tukasema: tumekosea. Lakini kukiri kosa hakukuliondoa suali la fungu la pili. Maji yakiwa machafu huua. Na kiu huua pia. Lipi litangulie? Hapo ndipo tulipoona kuwa suali la kisima chetu ni lile lile linaloikabili Serikali, na kaunti, na makampuni ya maji, na bodi inayoyasimamia.

Natutazame hali ya mji wetu. Kisiwa cha Mombasa hakina mto wala chemchemi ya kutosha watu wake. Visima vyake vingi vina chumvi, na vyengine vimeingiliwa na vyoo. Maji matamu hutoka mbali. Mengine hutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa katika miaka ya 1950. Mengine hutoka Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi. Na mengine hutoka Baricho, katika visima vilivyochimbwa kando ya Mto Sabaki. Maji ya Mzima huteremka kwa mteremko wa ardhi. Ya Baricho hayaji ila yasukumwe kwa mashine za umeme, na umeme una bei.

Ama sharia za nchi, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, kisha ile ya mwaka 2016 iliyochukua pahala pake, zimegawanya kazi. Shirika la Serikali Kuu hutengeneza mabomba makubwa na kuleta maji kwa jumla. Makampuni ya kaunti huyanunua na kuyauza majumbani. Na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, iitwayo WASREB, huweka vipimo, hukubali au hukataa bei, hutoa leseni, na kila mwaka huyapanga makampuni kwa ubora wao.

Sasa mtazameni mkurugenzi wa kampuni ya maji, nanyi mhurumieni. Ana shilingi moja mkononi na wadai watano mlangoni. Wa kwanza amwambia: nunua dawa ya klorini na upime maji kila siku. Wa pili: vuta bomba mpaka mitaa isiyokuwa na mfereji. Wa tatu: teremsha bei, kwani watu hawana uwezo. Wa nne: tengeneza mabomba yaliyooza. Wa tano: lipa deni la maji ya jumla, na deni la umeme, na mishahara ya wafanyakazi. Kila mmoja katika hao asema haki. Na mtu akiwa na wadai watano wote wenye haki, hapana budi awe na mpango wa nani atangulie. Ama sivyo atamlipa yule mwenye sauti kubwa zaidi. Na mara nyingi mwenye sauti kubwa ni mwenye deni, kwa sababu yeye anaweza kukata umeme, na mtoto mwenye kiu hawezi kukata chochote.

Baadhi ya ndugu zetu hutaka kuimaliza mas-ala hii kwa neno moja. Husema: maji ni ya Mwenyezi Mungu, basi hapana haja ya bei wala bodi. Nao hutaja hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyowafanya watu kuwa washirika katika maji, na majani, na moto. Hadithi hiyo twaikubali juu ya kichwa na macho. Lakini wanavyuoni wameyafahamu kuwa ni maji yaliyo katika chemchemi na mito na mvua, kabla hayajaingia mikononi mwa mtu. Ama mwenye kuyachota akayatia chomboni na kuyabeba, ni halali yake kuyauza, kwa kazi aliyoifanya. Bomba la kutoka Mzima ni chombo. Na dawa, na umeme, na jasho la mfanyakazi, vyote hivyo vina ujira. Basi kulipia maji si haramu, na kuyaiba kwa kutoboa bomba usiku ni haramu isiyokuwa na shaka, hata mwizi akiwa ni jirani ya msikiti, na hata maji yenyewe yakiwa yatiwa katika birika la msikiti. Tumeyasema haya wazi kwa sababu twajua yanayotendeka.

Lakini aliyeuza maji naye asifurahi sana kwa hukumu hii. Katika hadithi sahihi, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama siku ya Kiama ni yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Na huko Madina kilikuwako kisima cha Ruma, ambacho maji yake yaliuzwa na masikini wakipata tabu. Mtume (s.a.w.) hakumnyang'anya mwenye kisima mali yake. Aliwahimiza Masahaba wakinunue, na akawaahidi Pepo, na Seyyidna Uthman (r.a.) akakinunua kwa mali yake, akakifanya cha watu wote, ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya mtu mwengine yeyote. Katika kisa hiki mna mambo mawili pamoja: mwenye mali alilipwa, na masikini alikunywa. Mwenye kushika moja akaliacha la pili hakukifahamu kisa.

Tukirudi kwenye mpango, sisi twaona njia iliyo karibu sana na kila Mwislamu ni kupambanua baina ya sharti na fadhila. Mwenye kusali rakaa mia bila ya udhu hana Sala hata moja. Wala hawezi kusema kuwa wingi wa rakaa zake, na uzuri wa kisomo chake, vitaufidia udhu uliokosekana. Udhu si jambo jema moja katika mambo mema mengi likajumlishwa nayo. Ni sharti, na likikosekana sharti hakuna kinachohisabiwa baada yake.

Hivyo ndivyo lilivyo jambo la maji kutoua. Bodi yetu huyapa makampuni alama kwa vigezo mbalimbali: usafi wa maji, watu waliofikiwa, maji yanayopotea, bili zinazokusanywa, na vyenginevyo, kisha alama hujumlishwa. Twashukuru kuwa kazi hii hufanywa na hutangazwa hadharani. Lakini kujumlisha kuna khatari: kampuni yaweza kukusanya bili kwa ufundi mkubwa, ikapata alama nyingi, na alama hizo zikafunika upungufu wake katika kupima na kusafisha maji. Twasema, na tuko tayari kukosolewa, kwamba usalama wa maji dhidi ya vijidudu vinavyoua kwa siku mbili au tatu usiwekwe katika jedwali pamoja na mengine. Uwekwe mlangoni, kama udhu. Asiyekuwa nao asihisabiwe chochote.

Hapa atasimama msomaji atuambie: basi fanyeni kila kipimo kuwa sharti, na mambo yatakuwa mazuri zaidi. La, ndugu yetu. Wamarekani walijaribu jambo linalofanana na hilo. Walipitisha sharia yao ya maji salama ya kunywa mwaka 1974. Mwaka 1986 wakaikaza: wakaiamrisha idara yao iweke vipimo vya vitu 83 katika muda wa miaka mitatu, kisha iongeze vyengine 25 katika kila miaka mitatu. Miji mikubwa ilijikaza. Vijiji vidogo, vyenye nyumba chache za kugawana gharama, vililemewa na kupima vitu ambavyo pengine havikuwamo kabisa katika maji yao. Mwaka 1996 sharia ikabadilishwa: ile hisabu ya 25 ikaondolewa, idara ikaamrishwa ipime faida na gharama kabla ya kuongeza kipimo, ikawekwa akiba ya kuikopesha miji, na kila kampuni ikalazimishwa kuwaeleza wateja wake kila mwaka kilichomo ndani ya maji yao. Mafunzo ya hayo ni kuwa ukifanya kila kitu kuwa sharti, mnyonge atashindwa na yote, na huenda akakosa hata lile lililokuwa sharti la kweli.

Lakini Wamarekani hao hao wametufunza na upande wa pili. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wake, kwa ajili ya kupunguza gharama. Maji yale yalikula mabomba, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa. Risasi iliyokuwa ndani ya mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya watoto. Wenyeji walilalamika juu ya rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 mji ukarudi kwenye maji ya zamani, na baadaye waliodhuriwa wakaahidiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 600. Waliolifanya sharti kuwa fadhila ili waokoe fedha, hawakuokoa fedha wala watoto.

Basi la kwanza ni hilo: maji yasiue. La pili ni koo ya kila mtu kabla ya bustani ya mtu yeyote. Wanavyuoni wa usuli, na mbele yao Imam Ghazali na Imam Shatibi, wameyagawanya maslaha ya watu daraja tatu: ya dharura, ambayo bila ya hayo uhai huharibika, ya haja, ambayo bila ya hayo watu hupata mashaka, na ya kupendezesha. Lita za kwanza za kunywa, na kupika, na kujitoharisha ni dharura. Lita za kuoshea gari ni za kupendezesha. Mpango wowote wa mgao unaompa mtu lita za daraja ya tatu kabla ya mwengine kupata za daraja ya kwanza ni dhulma, ijapokuwa yule wa kwanza amelipa. Na Qur'ani imetusimulia jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyofika kwenye maji ya Madyan akawakuta wanawake wawili wamejitenga na wanyama wao mpaka wachungaji wenye nguvu wamalize. Hakuwauliza kama wana haki. Aliwanyweshea. Basi kazi ya mwenye kusimamia maji ni kumtazama yule aliyesimama mbali.

Na hapa tuna neno juu ya bei. Ni desturi njema kwamba lita za kwanza huuzwa rahisi, na anayezidisha hulipa zaidi. Lakini tumeona katika mitaa yetu nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba vinane, na katika kila chumba familia, na wote mita yao ni moja. Maskini wanane wakinywa katika mita moja huonekana kama tajiri mmoja mwenye israfu, wakatozwa bei ya juu. Na asiyekuwa na mita kabisa hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakaao mitaa ya mabanda, na Nairobi ni katika miji iliyotajwa, hulipa mara 5 mpaka 10 ya bei wanayolipa matajiri wa mji huo huo kwa maji kiasi kile kile. Basi bei rahisi iliyoandikwa katika karatasi haimfikii aliyekusudiwa. Bodi ikitaka kumsaidia maskini, isitazame mita. Itazame watu walio nyuma ya mita, na iwe na nguvu juu ya bei ya kioski na boza kama ilivyo na nguvu juu ya bei ya mfereji.

La tatu ni matengenezo. Wanavyuoni wamesema kuwa mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe, hata kama aliyeuweka hakulitaja jambo hilo, kisha ndipo wapewe wanaostahiki. Kwani wakfu ukibomoka hakuna atakayepata. Bomba la mji ni mfano wa wakfu: limejengwa na waliotangulia, nasi twala matunda yake. Na ripoti za Bodi zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba katika Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa hayaleti malipo, kwa kuvuja, na kuibwa, na mita mbovu, na hali kiasi kinachokubalika hakipiti asilimia 25. Maana yake ni kuwa katika mitungi 100, zaidi ya 40 hupotea njiani, na wanunuzi wa ile iliyobaki huilipia yote. Kuziba tundu hakuna sherehe, wala hakukatwi utepe. Lakini mwenye kuziba tundu amewapa maji wenye kiu, na amepunguza bei, na amelipa deni, yote kwa kazi moja.

La nne ni madeni. Hatusemi kuwa yasilipwe. Dini yetu ni kali sana katika jambo la deni, na si mara moja katika miaka ya karibuni umeme wa mashine za maji ya Pwani umekatwa kwa sababu ya deni, ikakauka mifereji ya waliolipa na wasiolipa. Tusemalo ni kwamba sharia imewapambanua wadaiwa wa namna mbili. Asiyekuwa na kitu, Qur'ani imeamrisha apewe muda mpaka atakapopata wasaa. Na mwenye uwezo anayechelewesha makusudi, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwake dhulma. Sasa tujiulize: ni nani anayekatiwa maji upesi, mjane mwenye deni la mwezi mmoja, au hoteli na maofisi yenye madeni ya miaka? Kanuni njema ni ile itakayoanza kwa mkubwa. Na mdai naye, akiwa ni shirika la umma, ajue kwamba kukata umeme wa maji ya mji mzima ni kumwadhibu asiyedaiwa kwa kosa la anayedaiwa. Na hapana mtu abebeshwaye mzigo wa mwenziwe.

Mtu atauliza: na hazina ikiwa tupu, ni nani atakayelipa? Suali hili si jipya. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameieleza kazi ya muhtasibu, naye ni msimamizi wa masoko na maslaha ya watu. Amesema kwamba yakiharibika maji ya kunywa ya mji, yatengenezwe kwa mali ya hazina; na hazina ikiwa haina kitu, amri huwaelekea wenye uwezo wote katika mji ule. Hakusema wasubiri. Hakusema kila mtu ajichimbie kisima chake nyuma ya ukuta wake. Na hapa yatupasa tujilaumu. Matajiri wetu wamechimba visima virefu majumbani mwao, wamenunua matangi makubwa, wakawa hawajui tena kama mfereji wa mtaani unatoka au hautoki. Mwenye nguvu akiondoka katika foleni, foleni hubaki na wanyonge peke yao, na foleni ya wanyonge hakuna anayeiogopa.

Basi haya ndiyo tunayoyaomba kwa wenye kutunga kanuni. Usalama wa maji uwe ni sharti, wala usiwe ni alama. Matokeo ya vipimo yabandikwe kila mwezi, kwa Kiswahili chepesi, misikitini, makanisani, sokoni na mashuleni, ili anayekunywa ajue anachokunywa. Kabla ya kampuni kuruhusiwa kupandisha bei, ionyeshe kwanza matundu iliyoyaziba. Madeni ya wakubwa yadaiwe kabla ya madeni ya wadogo. Na pale ambapo kijiji hakiwezi kutimiza kipimo kikubwa, kisifungiwe mradi wake kikarudishwa kwenye dimbwi. Kipewe kipimo cha dharura kisichopunguzwa, na muda, na msaada wa kufikia yaliyosalia.

Ama sisi wenyewe, tuanze na mifereji ya udhu. Tumekatazwa kufanya israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto unaokwenda, nasi twafungua mfereji mpaka mwisho, tukazungumza na jirani, maji yakenda bure.

Na kisima chetu? Tulifanya hivi. Hatukukifunga, wala hatukukiacha kama kilivyokuwa. Tuliandika kwa herufi kubwa kuwa maji yake ni ya udhu, na kufulia, na vyooni, si ya kunywa. Kisha jamaa wakachanga, tukalipa deni la msikiti kwa kampuni, tukaweka tangi la maji ya mfereji yatiwayo dawa, na kila nyumba isiyokuwa na mfereji hupata mitungi miwili kwa siku. Mchango hautoshi kuwapa watatu.

Siku ya kwanza alikuja mama mmoja mzee, akaitazama ile ilani, akatutazama sisi. Akasema: "Mwanangu shehe, jana nilikuwa na maji mengi yanayoniua polepole. Leo nina maji safi yasiyonitosha. Mmenipa lipi?" Tulimwambia: mama yetu, tumekupa lile tuliloliweza, na lililobaki twadaiwa. Akasema: "Basi msisahau deni." Akajitwisha mitungi yake kwa mjukuu wake, akenda zake.

Hatukusahau. Na kwa sababu hiyo tumeandika maneno haya, ili deni lile liwe juu ya shingo za wengi, wala lisiwe juu ya shingo za watu wachache wa msikiti mmoja. Mwenye uwezo achangie. Mwenye elimu ya maji aje atufunze. Na mwenye cheo akumbuke kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutengenezee nia zetu na mambo yetu, amnyweshe mwenye kiu, na asitufanye sisi kuwa sababu ya kiu ya mtu. Amin.